Ua la Kung'atwa

Mama yangu Evangeline alikuwa na chonge mbili za juu ambazo nyumba yetu yote ilizitegemea. Mto ninaoulalia una ua lililotoka kwenye chonge hizo. Viatu vya ngozi alivyozikwa navyo baba yangu vilishonwa ua hilohilo kwa shanga. Na koti la ngoma la kaka yangu Lyle, ambalo siku hizi halimfungi tumboni, lina kereng'ende mgongoni aliyeanza maisha yake kinywani mwa mama.

Alikuwa akichukua kipande cha gome la mti wetu mweupe, gome tunaloliita wiigwaas, akakibandua tabaka kwa tabaka mpaka kikabaki chembamba kama ganda la kitunguu. Anakikunja, anakikunja tena, kinakuwa pembetatu ndogo. Halafu anafumba macho, anakitia kinywani na kuanza kung'ata polepole huku vidole vikikigeuza. Ukimsemesha wakati huo hakusikii. Akimaliza anakikunjua na kukiinua dirishani, na hapo unaona ua, au kobe, au kereng'ende, amechorwa kwa vitundu na vivuli. Hakushika penseli, hakuangalia chochote. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza anaonaje humo gizani. Akaniambia, "Sioni. Naenda." Nikamwuliza anaenda wapi. Akaniambia nikaoshe vyombo.

Mimi si mtu wa ndoto. Napika kwenye jiko la shule hapa Ghuba ya Mierezi, kwetu sisi Waojibwe, wenyeji wa asili wa kaskazini ya Minnesota, na mpishi akianza kuota, uji unaungua. Ndoto zote za ukoo wetu zilimwendea Odessa, mtoto wa dada yangu. Dada anaendesha malori ya masafa marefu, anakuja sikukuu na kuondoka, kwa hiyo Odessa alikulia kwetu, na mimi ndiye mama mdogo wake kwa maana zote. Tangu utotoni alikuwa na tabia ya kusimama katikati ya chakula, kijiko hewani, macho yameenda zake. Lyle alikuwa akimpungia mkono mbele ya uso.

"Hodi! Kuna mtu humo ndani?"

"Nipo, mjomba."

"Basi kitie mdomoni hicho kijiko, kimechoka kusubiri."

Aliposema anataka kusomea usanifu wa michoro kwenye chuo chetu ng'ambo ya ziwa, Lyle alimwuliza atachora nini, makopo ya maharagwe?

"Makopo nayo yanachorwa na mtu, mjomba."

"Nichoree basi kopo la kahawa lisiloisha."

Akaenda chuo, na jioni kompyuta yake ikahamia kwenye meza yangu ya jikoni, katikati ya unga. Alianza kututazama kwa macho mengine. Alipiga picha riboni za sketi za shangazi zake wa ukoo, alipiga picha jinsi wazee wanavyokaa mviringo ukumbini, alipiga picha hata viraka vya mtumbwi wa Lyle. Siku moja aliniambia nafasi iliyo kati ya herufi moja na nyingine ndiyo inayolifanya neno lipumue. Nikamwambia sufuria zangu nazo zinataka kupumua, aondoe kompyuta yake. Lakini usiku ule, nikisoma pakiti ya chumvi, nilijikuta natazama nafasi kati ya herufi. Mtoto alikuwa ameanza kuniharibu.

Baraza letu lilikuwa limejenga tangi jipya la maji, lile refu linaloonekana kabla hujaiona nyumba yoyote, na likawaomba wanafunzi wa michoro walete nembo ya kupakwa juu yake. Odessa hakufikiri mara mbili. Alichukua ua ambalo mama aliling'ata msimu uliopita, akaliweka kwenye skana, na kwa majuma kadhaa hakukuwa na mtu nyumbani ila yeye na lile ua. Aliziba vitundu vilivyochanika. Alichagua petali moja iliyotoka vizuri kuliko zote, akainakili kuzunguka ua zima, mpaka zikawa sawasawa kama sahani za shule. Liling'aa. Mimi nililipenda, na sioni haya kusema.

Mama aliinama mbele ya kompyuta, akakaa hapo muda mrefu.

"La nani hili?"

"Lako, Bibi. Nimelisafisha tu."

"Kwani lilikuwa chafu?"

Lyle alicheka, halafu akaona uso wa Odessa akaacha. Mama akalichukua gome lenyewe, akaliinua dirishani.

"Njoo utazame. Gome likikunjwa linakuwa matabaka, si ndiyo? Lililogusa jino ndilo hili hapa, linapiga kelele. Linalofuata linaongea. Hili linasikia. Na hili la chini kabisa, jino halikulifikia. Limepata habari tu, liko usingizini linaota. Wewe umeyapa yote kelele. Sasa nani atasikiliza?"

Odessa alifunga kompyuta. Niliumia kwa ajili yake. Baadaye nilimwambia mama angeweza kusema kwa utamu kidogo.

"Ningesema kwa utamu asingesikia," mama akajibu, akaendelea kumenya viazi.

Mwalimu wa Odessa pale chuoni, mwanamume wa kabila la Ho-Chunk mwenye kucheka sana, alipoambiwa kisa hicho alipiga meza kwa furaha. Alimwambia kwamba bibi amempa somo la muhula mzima bure, arudi kwake. Odessa akarudi kwenye mchoro, akaanza kupunguza wino petali baada ya petali. Nilikuwa namkuta pale mezani, kidevu mkononi, ua likififia na kurudi, likififia na kurudi, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Najua linatakiwa lififie, mama mdogo," aliniambia, "ila sijui lififie wapi. Nakisia. Na mtu akitazama anaona kwamba nakisia."

Ndipo alipoanza kung'ata mwenyewe. Kwetu hakuna anayefundishwa kazi hiyo. Unakaa karibu, unatazama, na siku moja unachukua gome. Odessa alichukua gome, na sakafu yangu ikajaa vipande vilivyotafunwa. Majira yale ya baridi nilikuwa nafagia mara mbili kila siku.

"Charlene," Lyle aliniita kwa sauti kubwa ili Odessa asikie, "panya wameingia. Tega mtego."

"Weka jibini, mjomba, nitakuja mwenyewe," Odessa akamjibu, gome likining'inia mdomoni.

Mama alicheka mpaka akalia. Halafu alishika shavu, na hakuuondoa mkono. Hapo ndipo tulipojua.

Alikuwa ameficha maumivu tangu sikukuu. Shavu lilivimba mpaka jicho likawa dogo. Daktari wa meno wa kliniki alitazama picha akasema usaha umefika kwenye mfupa. Meno yote ya juu ya mbele yatoke, na chonge zote mbili, na yatoke upesi, kwa sababu sumu ikiingia kwenye damu hapana mchezo tena. Mama alisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema atarudi baada ya kambi ya sukari.

Kambi ya sukari, tunapokinga maji matamu ya miti na kuyachemsha mpaka yawe sukari, ilikuwa bado mbali, ziwa lilikuwa bado limeganda kama jiwe. Lakini kila mwaka ni pale, kwenye moshi na mvuke wa maji ya miti, mama alipong'ata maua yake mazuri kuliko yote, na mwaka huu alikuwa ameshaamua kwamba atamng'atia Odessa ua la tangi. Hakulisema, ila sote tulilijua. Alibandua magome yake, akayapanga rafuni, akameza vidonge vya maumivu, akasubiri majira.

Nilitegemea Odessa atanisaidia kumsukuma. Badala yake alinijia nikiwa napakua mchuzi wa mawindo.

"Mama mdogo, labda dawa za kumeza zitamfikisha. Akipata zile kali..."

Upawa ulinitoka mkononi.

"Wewe unataka ua au unataka bibi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini basi? Sikio la kufa halisikii dawa, na nyumba hii naona imejaa masikio ya aina hiyo!"

"Charlene, punguza moto," Lyle alisema taratibu, na hakuwa anazungumzia jiko.

Odessa alikaa mezani na kijiko hewani. Chakula kilipoa mbele yake.

Asubuhi niliamka nikakuta gari halipo na koti la mama halipo. Nilipiga simu kila mahali, nikapiga hata ofisi ya zimamoto, maana akili ilikuwa imenitoka. Walikuwa kliniki. Odessa alikuwa amemwamsha bibi yake kabla ya mapambazuko, akamvika, akamfunga mkanda wa gari, akaondoka naye.

Yaliyotokea njiani nilisimuliwa na mama, siku kadhaa baadaye. Alisema kulikuwa na ukungu mwingi, barabara ilikuwa inakuja kidogo kidogo. Mle mfukoni alikuwa na kipande cha gome, kimeshakunjwa. Walipofika kwenye daraja alimwambia Odessa, "Simamisha gari kidogo. Ning'ate moja. La mwisho."

Odessa alimtazama. Shavu lilikuwa limevutika, linang'aa kama donge lililozidi hamira. Mama alisema gari lilipunguza mwendo mpaka karibu lisimame. Halafu likashika kasi tena.

"Hapana, Bibi."

Ili mama asiendelee kuomba, Odessa akamsimulia ndoto aliyoiota usiku ule. Ziwa letu lilikuwa limekunjwa kama gome, nyumba za ng'ambo zikaja zikagusana na za kwetu, paa kwa paa, na watu waliolala huku walikuwa wanapumua masikioni mwa watu waliolala kule. Kitu fulani kikapita juu yao wote, kikubwa, bila kuumiza. Ziwa lilipokunjuliwa kila mtu alirudi kwake, lakini wote walikuwa na alama moja.

"Huyu mtoto hajawahi kuniambia hapana," mama alisema alipomaliza kunisimulia. Mpaka leo sijui kama alikuwa analalamika au anamsifu.

Mimi nilimkuta Odessa kwenye ukumbi wa kliniki, ameketi na lile gome mkononi, halijang'atwa. Nilimkumbatia.

Mama alipona. Homa ilishuka, jicho likarudi ukubwa wake. Lakini alirudi nyumbani na mdomo ulioingia ndani, na kila alipoongea aliufunika kwa mkono, kwa hiyo akaacha kuongea. Odessa naye aliiweka kompyuta juu ya kabati. Akaniambia atawapelekea baraza picha ya bata mzamaji, kama wanafunzi wengine wote, basi yaishe. Nyumba ikawa kimya. Hata Lyle aliacha utani, na sikujua kama siku moja ningeutamani utani wa Lyle.

Theluji ilipoanza kuoza, meno ya bandia yalifika. Meupe, mazuri, yamejipanga. Mama aliyavaa na kwenda moja kwa moja kwenye rafu. Alikunja gome, akafumba macho, akang'ata. Tulisimama mlangoni sote watatu kama watoto wanaochungulia. Alipolikunjua, vitundu vilikuwa vimenyooka, vimefuatana vizuri, kazi safi ya cherehani.

Alilitazama, akalikunja tena.

"Meno yamefanya kazi yake," alisema. "Ila mimi sikwenda popote."

Jino la pembe si dawa ya pengo. Maneno hayo nilizoea kuyasema mtu akiachana na mwenzake na kukimbilia kuoa tena. Sikujua kwamba siku moja nitayasema kwa sababu ya jino kweli, nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha mama yangu.

Kambi ya sukari ilipofika mama alikuwa ameshayavua meno yale, na hakutaka kuja. Lyle alimbeba. Namaanisha alimbeba, akamweka garini pamoja na kiti chake, mama akimpiga makonzi ya kichwa njia nzima.

Kambi yetu iko nyuma ya ziwa, kwenye miti iliyotobolewa na baba, na kabla yake na baba zake. Mchana ule barafu ilikuwa imeshakuwa nyeusi na theluji ilikuwa inatoa ukungu. Ndoo zilidondokewa kila upande, tone hapa, tone kule, na Lyle alikuwa anachochea lile karai kubwa juu ya moto. Mvuke wa maji ya miti ni mtamu. Ukikaa ndani yake nusu siku, nywele zinanata, kope zinanata, na huna hakika tena kama uko macho au umesinzia. Watu wanatokea ndani ya weupe ule na kupotea. Mimi nisiye na ndoto nimewahi kumwona baba yangu humo, amebeba ndoo, na sikushtuka hata kidogo.

"Odessa," mama aliita. "Njoo ukae hapa."

Odessa alikuja na koti lake nene, akaketi kwenye gogo mbele ya kiti. Mama alitoa gome na kulikunja. Hakuliangalia wakati analikunja.

"Fumba macho. Fumbua mdomo."

"Bibi, mimi ndiye yule panya, umesahau?"

"Panya anatafuna kwa sababu ana njaa. Wewe acha njaa. Fumbua."

Alimtia gome kinywani, akalishika ncha, na kuanza kuligeuza kwa vidole vyake mwenyewe.

"Ng'ata. Acha. Ng'ata. Usikaze, hapo pitia tu. Ng'ata. Usiwaze meno, toka hapo kwenye meno, nenda ndani. Taratibu. Kuna nini huko?"

"Mm," Odessa akasema.

"Basi kifuate."

Nilikuwa nimesimama na upawa wangu, nimekuja kuuliza habari za chakula. Mvuke uliwafunika, ukawafunua, na ndipo nilipoona mdomo wa mama. Alikuwa amesahau kuufunika. Fizi zake tupu zilikuwa zinafunguka na kufungika pamoja na meno ya Odessa, mara kwa mara, sawasawa, kama vile mama anayemlisha mtoto kijiko naye mdomo wake unavyofunguka bila kujua. Nililia pale. Sikusingizia moshi.

Walipolikunjua halikuwa ua la mama wala halikuwa la panya. Petali moja ilikuwa imeenda upande kidogo, maana jino la Odessa limekaa upande kidogo. Hiyo ndiyo iliyokuwa na sauti. Zilizofuata zilikuwa zinapungua, zinapungua, na ya mwisho hukuiona mpaka uliinamishe gome kwenye mwanga, na hata hapo ulijiuliza kama umeiona. Lyle alikuja na mwiko wake akachungulia.

"Panya kahama," alisema.

"Bibi," Odessa aliuliza, "hili ni lako au ni langu?"

"Lilikuwa linapita. Tumelishika wawili."

Tangi lilipakwa ua hilo majira ya kiangazi, nisiwachoshe na habari za vikao. Odessa hakurekebisha kitu, alilikuza tu, na petali ya mwisho akaiacha rangi ya buluu iliyokaribiana na buluu ya tangi lenyewe. Watu walilalamika, bila shaka. Pale dukani jamaa mmoja alimwuliza Lyle kwa nini rangi imepauka kabla mwaka haujaisha, baraza limepigwa na fundi gani? Lyle akamjibu kwamba hiyo haijapauka, hiyo inasikiliza. Jamaa akaenda zake akidhani ametukanwa.

Lakini mimi nikilitazama tangi siwazi tangi. Naiwaza saa iliyofuata, kule kambini, baada ya watu kurudi kwenye ndoo zao. Mama alikunja gome la pili na kumpa Odessa alishike mwenyewe. Yeye alimshika kiwiko tu, juu ya lile koti nene, akimwongoza kidogo huku, kidogo kule. Odessa alifumba macho. Vidole vyake vikaanza kuligeuza gome, kwanza kwa woga, halafu kwa upole, halafu kama mtu anayetembea kwenye nyumba anayoijua taa zikiwa zimezimwa. Alikuwa ameenda. Niliijua sura ile, nimeitazama maisha yangu yote kwenye uso mwingine.

"Usiniachie, Bibi," alisema kwa sauti ya mbali, gome likiwa katikati ya meno.

"Nimekushika," mama yangu akamjibu, na mikono yake yote miwili ilikuwa imesharudi mapajani mwake.